Fito Tatu na Risasi Moja: Jinsi Ayala Anavyonyemelewa Katika Milima ya Scotland

Msomaji wa Zaburi amekwisha kukutana na jina la ayala, mnyama anayetajwa humo kwa sababu ya kiu yake. Lakini ni watu wachache sana katika Kenya waliopata kumwona kwa macho. Hapana ajabu, maana ayala si mnyama wa nchi hizi. Katika bara zima la Afrika anapatikana pande za kaskazini tu, katika misitu ya Algeria na Tunisia. Makao yake makubwa yako Ulaya na Asia, na mojawapo ya nchi zinazosifika sana kwa ayala ni Scotland, iliyo kaskazini ya Uingereza, nchi ya milima, mvua, ukungu na upepo mkali.

Makala haya yanaeleza jinsi mnyama huyu anavyowindwa huko, na hasa jinsi mwindaji anavyotumia fito za kuegemeza bunduki. Jambo hilo laweza kuonekana dogo, kwa kuwa ufito ni kipande cha mti tu. Lakini mara nyingi kipande hicho ndicho kinachotenga kifo cha mara moja na mateso ya siku nyingi.

Mnyama Mwenyewe

Watu wengine humwita ayala kulungu, kwa kukosa jina lililo karibu zaidi. Lakini kulungu wa misitu ya Kenya ni jamaa ya pofu, kongoni na swala, na tofauti yao na ayala huonekana katika pembe. Pembe ya kulungu ni kama ya ng'ombe: ganda gumu lililovikwa juu ya mfupa, nayo hudumu mpaka mnyama afe. Pembe za ayala ni mfupa mtupu, zina matawi kama mti uliopukutika majani, na madume peke yao ndio walio nazo. Kila mwaka, mnamo Machi na Aprili, pembe hizo huanguka chini, na nyingine huanza kuota mahali pake. Zinapokua hufunikwa na ngozi laini yenye vinyweleo, iliyojaa damu. Kufika Agosti zimekwisha kuwa ngumu, na dume huisugua ile ngozi juu ya miti na vichaka mpaka itoke yote. Dume mwenye matawi 12 huhesabiwa na wawindaji kuwa wa kifalme.

Mwisho wa Septemba na mwezi wa Oktoba ndio wakati wa kupandana. Madume hunguruma mabondeni mchana na usiku, hupigana kwa pembe, na husahau hata kula. Jike huchukua mimba kwa muda wa miezi kama minane, akazaa mnamo Juni, kwa kawaida mtoto mmoja, mwenye madoa meupe mgongoni.

Kwa Nini Huwindwa

Hapo kale walikuwako mbwa-mwitu katika Scotland, nao walikula ayala wadhaifu na kuzuia hesabu yao isizidi. Watu wakawaua mbwa-mwitu hao mpaka wakaisha kabisa, yapata miaka 300 iliyopita. Tangu hapo ayala aliyekomaa hana adui wa kumwogopa ila binadamu. Ayala wakizidi, miche ya miti huliwa kabla haijainuka, na msitu mzee hufa bila kuacha mrithi. Mashamba huharibiwa, na magari huwagonga barabarani wakati wa giza. Tena kipupwe kikifika, na theluji ikafunika malisho, wale waliozidi hufa kwa njaa, na watoto ndio wanaotangulia. Serikali ya Scotland imekisia kwamba wanyama wa jamii ya ayala wa namna zote, ambao mwaka 1990 walikuwa kama 500,000, walifika kama milioni 1 miaka 30 baadaye.

Kwa hiyo kuwinda huko si mchezo wa matajiri tu, ingawa matajiri hulipa fedha nyingi kupata nafasi hiyo. Ni kazi ya kulinda uwiano wa nchi na wanyama wake, na nyama yake huliwa na kuuzwa. Tena ni kazi yenye sheria. Sheria ya mwaka 1959 iliunda tume ya kuangalia habari za ayala, ikaweka na majira ya kuwinda. Kwa sheria ile, majike waliweza kupigwa tangu tarehe 21 Oktoba mpaka tarehe 15 Februari tu, maana jike akiuawa wakati wa kiangazi humwacha nyuma mtoto asiyeweza kujitegemea. Madume nao walikuwa na majira yao, tangu tarehe 1 Julai mpaka tarehe 20 Oktoba. Lakini katika mwaka 2023 kizuizi cha madume kiliondolewa, ili hesabu ipate kupunguzwa. Upinde na mshale umekatazwa kabisa. Sheria yataja uzito wa risasi na kasi yake, ili mtu asije akaenda mlimani na bunduki ndogo inayojeruhi bila kuua.

Upepo Ndio Hakimu

Ayala ana macho mazuri na masikio makali, lakini pua yake hupita vyote viwili. Harufu ya mtu ikichukuliwa na upepo humfikia kabla mtu mwenyewe hajaonekana, naye hangoji kuuliza. Kwa sababu hiyo mnyemeleaji hutazama upepo kwanza, ndipo aangalie njia. Hung'oa majani makavu na kuyaangusha, aone yanakoelekea. Kisha huenda upande ambao upepo unamjia usoni, hata kama itampasa kuzunguka mlima mzima. Na upepo wa milimani haukai mahali pamoja; ukigonga jabali hugeuka, ukaingia bondeni na kurudi ulikotoka.

Kila mahali penye ayala yuko mwelekezaji, mtu aliyezaliwa au aliyekaa miaka mingi katika milima ile. Yeye huketi kwanza na darubini, akitazama mteremko wa mbali kwa muda mrefu pasipo kusema neno. Huhesabu wanyama, hutambua aliye mzee, aliye mgonjwa na aliye na mtoto. Hasa humtafuta jike mzee, kwa sababu yeye ndiye askari wa kundi; akiinua kichwa na kusimama imara, wote huacha kula.

Mwendo wenyewe ni wa taabu. Watu hufuata mifereji ya maji, wakitambaa kwa tumbo katika tope jeusi, huku mvua ikiwaingia shingoni. Ustadi huu uliwafaa Waingereza hata vitani. Mwaka 1900 Lord Lovat alipounda kikosi chake cha Lovat Scouts, kwa ajili ya vita vya Makaburu katika Afrika ya Kusini, aliwaandika watu wa milima ya Scotland, wengi wao wanyemeleaji waliozoea darubini na kujificha.

Mkono Hautulii

Lakini kufika karibu si mwisho wa kazi. Binadamu hawezi kuishika bunduki kwa mikono mitupu isitikisike. Moyo ukipiga, mkono hutikisika nao. Pumzi ikiingia, mabega huinuka. Na mtu aliyepanda mlima kwa saa tatu hutetemeka miguu hata akijidhania kuwa imara.

Hesabu yake ni rahisi, na kila mtu aweza kuifanya. Chukua bunduki yenye urefu wa mita 1. Kitako kikikaa palepale begani, na mdomo wa mtutu ukasogea milimita 1 tu, risasi itakuwa imepotoka sentimita 10 inapofika umbali wa mita 100. Mdomo ukisogea milimita 3, risasi itapotoka sentimita 30. Na mahali pa moyo na mapafu ya ayala, ndipo panapostahili kupigwa, hapazidi sana ukubwa wa sahani ya kulia chakula. Basi mtetemeko ambao jicho la mtazamaji haliwezi kuuona watosha kuipeleka risasi tumboni au mguuni.

Njia iliyo imara kuliko zote ni kulala kifudifudi na kuiegemeza bunduki juu ya mfuko, au juu ya jiwe lililotandikwa koti. Katika milima iliyo wazi watu wengi hufanya hivyo. Lakini penye majani marefu, au ndani ya msitu, mtu akilala haoni kitu. Hapo hana budi kupiga akiwa amekaa, amepiga goti au amesimama, na hapo ndipo fito zinapohitajiwa.

Fito ni za namna nyingi. Ya kwanza ni ufito mmoja wenye panda juu, ambao pia hutumika kama mkongojo wa kutembelea. Huu huizuia bunduki isipande wala kushuka, lakini huiacha iyumbe kulia na kushoto. Ya pili ni fito mbili zilizofungwa pamoja karibu na ncha, zikapishana na kufanya panda. Hizi huzuia kuyumba kwa kulia na kushoto, ila zaweza kulala mbele au nyuma. Ya tatu ni fito tatu, nazo husimama zenyewe bila kushikwa, kama mafiga matatu yachukuavyo chungu. Wahenga wamesema kwamba figa moja haliinjiki chungu, na mwenye bunduki aweza kulikubali neno hilo kwa ushahidi. Ziko pia fito nne, zinazoshika bunduki mbele na nyuma. Hizo ni imara zaidi, lakini ni nzito na huchukua muda kuzitega.

Wengine huzinunua dukani, zilizotengenezwa kwa alumini. Wengine huchukua mianzi miwili ya bustanini na kipande cha mpira cha kuifungia, na ayala hajui tofauti. Wala fikira hii si ya Waingereza peke yao. Wawindaji wa nyati katika Marekani, miaka ya 1870, waliegemeza bunduki zao nzito juu ya fito mbili zilizopishana. Katika Tanzania, ambako uwindaji wa leseni haujakatazwa, mfuata nyayo huchukua fito tatu begani na kuzitega mbele ya mgeni wake.

Namna ya Kuzitumia

Kwanza, fito ziwe na urefu ulio sawa na mtu. Zikisha kutanuliwa, panda ije usawa wa bega la mpigaji aliyesimama wima. Zikiwa fupi atainama, na mgongo ulioinama hutetemeka. Kadiri miguu ya fito inavyotanuliwa ndivyo panda inavyoshuka, na hivyo ndivyo mtu anavyozishusha akitaka kupiga goti. Penye mteremko, mguu ulio upande wa chini huwekwa mbali zaidi, au hurefushwa kama waweza kurefushwa.

Pili, zitegwe mapema. Mtu asingoje mpaka anatazamana na mnyama ndipo aanze kufungua fito, kwa maana mkono unaopepea huonwa mbali, na chuma kikigonga jiwe husikiwa. Huzifungua nyuma ya kilima, polepole, kisha huinuka nazo zikiwa tayari.

Tatu, mtutu usiguse fito. Kinachoegemezwa ni ule mti wa bunduki ulio chini ya mtutu. Chuma cha mtutu hutikisika risasi inapopita, na kikilala juu ya kitu kigumu, risasi yaweza kwenda mahali pengine, pasipo palipolengwa.

Nne, mkono wa kushoto, kwa mtu atumiaye wa kulia, hushika panda na mti wa bunduki pamoja, viwe kitu kimoja. Mguu wa kushoto hutangulia kidogo, na mwili huegemea mbele. Mtu akikaa chini, viwiko vyake hupata magoti ya kuvitegemeza, na hapo uimara huongezeka sana.

Tano, huvuta pumzi, huitoa nusu, huizuia, na kukibana kifyatulio polepole bila kukishtua. Akiona pumzi inamwishia kabla hajatulia, huacha, akaanza tena.

Mambo haya hayajifunzwi mbele ya mnyama. Hujifunzwa kwa shabaha ya karatasi. Katika mtihani uliotumika Uingereza kwa miaka mingi, mwanafunzi alipiga shabaha akiwa amelala kwa umbali wa mita 100, akiwa amekaa au amepiga goti kwa mita 70, na akiwa amesimama kwa mita 40. Maana yake yaonekana wazi: kadiri mtu anavyoinuka juu, ndivyo impasavyo kusogea karibu. Fito husaidia, lakini haziifuti sheria hiyo.

Siku Isiyo na Mlio

Fikiri habari ya mgeni aliyefika milimani kwa mara ya kwanza mwezi wa Oktoba. Ametoka alfajiri pamoja na mwelekezaji mzee. Wametambaa kwa saa nne, nguo zimelowa, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Sasa wako mita 90 kutoka kwa dume mzee aliyesimama juu ya ukingo wa kilima, akinguruma. Fito zimetegwa, bunduki imeegemezwa. Mgeni anaona bega la mnyama katika darubini ya bunduki yake, na moyo wake unapiga kama ngoma.

Mwelekezaji anamgusa mkono. "Ngoja, Bwana. Nyuma yake kuna mbingu tu."

Ni kweli. Mnyama amesimama pale ambapo mlima umekwisha, na nyuma yake hakuna udongo wa kuipokea risasi. Risasi ya bunduki ya namna ile yaweza kusafiri kilomita kadhaa, na upande wa pili wa mlima huenda yuko mchungaji wa kondoo au mtu anayetembea na watoto wake. Wanangoja. Dume anashuka hatua chache, na sasa udongo uko nyuma yake. Lakini jike mmoja amesogea akasimama karibu naye, upande wa nyuma. Risasi ikimpita wa kwanza itamjeruhi wa pili. Wanangoja tena. Ndipo upepo unapogeuka. Jike anainua kichwa, anabweka mara moja, na kwa kufumba na kufumbua mlima ni mtupu.

Mgeni anakunja fito zake kwa uchungu. Ametumia fedha na nguvu, naye atarudi bila kitu. Mzee anaitoa risasi ndani ya bunduki, anaifuta kwa kidole gumba, anampa. "Hii haikumwumiza mtu wala mnyama," anasema. "Itatufaa kesho."

Mwelekezaji wa namna hii ndiye anayeheshimiwa katika milima ile. Hasifiwi kwa wingi wa wanyama aliowaangusha, bali kwa uchache wa wale walioondoka na majeraha.

Risasi Ikisha Kutoka

Na siku mambo yanapokuwa sawa, kazi haiishi kwa mlio. Ayala aliyepigwa moyoni huweza kukimbia makumi ya mita kabla ya kuanguka. Kwa hiyo mpigaji hutia risasi nyingine tayari, haondoki mahali pake, na hukariri moyoni mahali mnyama aliposimama na upande alioendea. Kisha hungoja dakika kadhaa. Akikimbilia mara moja, mnyama aliyejeruhiwa aliyelala karibu hupata nguvu ya hofu na kwenda mbali sana.

Mahali pa risasi husomwa kama barua. Damu nyekundu nyepesi yenye povu yatoka katika mapafu, na mnyama yu karibu. Damu nyeusi yenye majani yaliyosagika yatoka tumboni. Hiyo ni habari mbaya, na yapasa kungoja zaidi na kuleta mbwa aliyefundishwa kufuata damu. Kumwacha mnyama huyo na kurudi nyumbani kwa sababu mvua inanyesha ni aibu isiyosahauliwa.

Mnyama akisha kufa, matumbo hutolewa mapema ili nyama isiharibike, na tezi na mapafu huchunguzwa kama zina dalili za kifua kikuu au maradhi mengine. Kisha hushushwa mlimani. Dume aliyekomaa huweza kuzidi kilo 100, na zamani kazi hiyo ilikuwa ya farasi wadogo wa milimani. Mahali pengine bado ni yao, ingawa magari yamechukua sehemu kubwa.

Fundisho Lake

Katika Kenya uwindaji wa wanyama wa porini ulipigwa marufuku mwaka 1977, na anayekwenda mbugani siku hizi huchukua kamera. Lakini wazee wa nchi hii wangeyaelewa mambo ya Scotland bila mkalimani. Mkamba wa zamani na Mliangulu aliyebeba upinde walijua kuutazama upepo, walijua kutambaa, na walijua kwamba mshale uliotupwa kwa haraka ni taabu kwa mnyama na njaa kwa nyumba. Hata mpiga picha anayeegemeza kamera yake juu ya miguu mitatu afuata kanuni ileile, maana kamera nayo haisamehe mkono unaotikisika.

Fito tatu hazimfanyi mtu kuwa mwindaji hodari. Kazi yake ni kumwonyesha ukweli: kama bado anatikisika hata akiwa ameegemea, basi yuko mbali mno, au amechoka mno, au ana tamaa mno. Hapo mtu mwenye akili huzikunja, akazitia begani, akashuka mlima na risasi yake mfukoni.